Wenye boti humu ndani, boti yako ni ya nini hasa?

Mtoto wa Kome (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jumapili. Kuna swali limenikosesha jibu nyumbani kwangu wiki mbili sasa, naomba wenye boti na mitumbwi ndo wanijibu, wa hapa Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Musoma, Bukoba, hata wa Kisumu na Uganda kama mpo karibuni.

Nakaa Luchelele hapa Mwanza, nina duka la vifaa vya ujenzi, miaka 46, mke na watoto wawili. Nimezaliwa kisiwa cha Kome. Mzee wangu alikuwa na mashua ya tanga, sio ya kuvulia, ilikuwa inabeba mihogo mikavu na ndizi kuja Kirumba hapa mjini alafu inarudi na sukari, sabuni na mafuta ya taa. Likizo nilikuwa nasafiri nae, kazi yangu ilikuwa kukumba maji kwa kopo la rangi. Tunaondoka kama saa nane usiku ule upepo unaotoka nchi kavu ukishaanza, nalala juu ya magunia, mzee ameshika usukani na haongei kabisa, unasikia maji tu yanapita chini ya mbao. Mwaka niliofaulu kwenda kidato cha kwanza aliiuza kwa mtu wa Maisome, ndo ikawa ada yangu. Sijawahi kumsikia akiitaja tena mpaka leo.

Sasa nimejichanga. Fundi mmoja wa mwaloni, pale boti za samaki zinapofunga, ananitajia milioni 3 na nusu kwa boti ya mbao futi 20 na mlingoti wake, bila mashine. Nikamwambia mke wangu. Wala hakuja juu, aliniuliza kwa upole tu, "boti ya nini baba Neema, wewe sio mvuvi, hubebi abiria, na nyumba haina dari." Nikakosa la kusema. Kweli haina dari, na mimi ndo nauza mbao za dari.

Sitafuti ushauri wa biashara. Nataka nyie mlionazo mniambie, ukiondoa hela, kwa nini unayo?

Kayenze Dagaa

Mkuu ntakujibu kama mvuvi, usinichukie. Ukiondoa hela mimi haibaki sababu. Nina boti tatu za dagaa, kila moja watu wanne. Kipindi cha giza tunaingia kila usiku, zamani tulikuwa na karabai saiv taa za sola na betri, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwenye taa kwaiyo boti zinapanda mchangani tunaziba nyufa tunashona nyavu. Kuna leseni, kuna usajili wa chombo, kuna mafuta ambayo ndo yanakula kila kitu. Tukitoa gharama kinachobaki tunagawana na vijana. Asubuhi nasimama pale mwaloni nahesabu taa zinavyorudi, moja, mbili, tatu, nisipoiona ya tatu chai haipiti kooni. Hiyo ndo boti kwangu.

Na nikwambie kitu ambacho watu wa mjini hawakijui. Mtu wa kujifurahisha akipotea huko ndani, wanaoitwa kwenda kumtafuta ni sisi. Tunaacha nyavu, tunachoma mafuta yetu wenyewe, tunazunguka siku mbili tatu tukitafuta mwili. Nimeshafanya hivo mara mbili na ya pili alikuwa kijana mdogo sana. Ziwa hili sio bwawa, ni kilomita za mraba elfu 68 na zaidi, na dhoruba ya usiku inakuja hujajua imetokea wapi, mawimbi yake mafupi yanapiga karibu karibu hayakupi nafasi ya kupumua. Kwaiyo mtu akiniambia anataka boti ili asikilize maji yanapita chini ya mbao naogopa kwa niaba yake. Weka dari kwanza.

Mama Tausi wa Ukara

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Baba Neema mimi ni mwanamke nina boti na sijawahi kuvua hata siku moja, na huku kwetu wapo wavuvi mpaka leo hawataki mwanamke apande boti ya kazi wanasema inaleta nuksi.

Mume wangu alifariki 2015 kwa ugonjwa, akaacha boti moja ya mbao na mashine ya HP 15. Shemeji zangu walikaa kikao wakasema iuzwe kwa sababu mwanamke hawezi kusimamia vijana wa ziwani, watakuibia samaki kule kule majini wauze kwenye kisiwa kingine. Na ni kweli, mwaka wa kwanza waliniibia sana. Lakini sikuiuza. Ubavuni mume wangu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu TAUSI, jina la binti yetu wa kwanza, aliandika mwenyewe kwa brashi na herufi S ameigeuza nyuma mbele. Nikisema niuze mnunuzi atapaka rangi juu. Kila mwaka ikipakwa rangi mpya nasimama pale pale, namwambia kijana fuata mstari ule ule, na hiyo S usiinyooshe.

Hiyo ni sababu yangu mwenyewe. Ila kuna nyingine ambayo nilikuja kuijua baadae. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya alhamisi, ni siku ya gulio Bugolora kule Ukerewe, watu wanarudi na mizigo yao kwenye kivuko cha MV Nyerere, kikapinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kugusa gati la Bwisya huku Ukara. Tuliokuwa ufukweni tuliona. Zaidi ya watu 220 walikufa. Waliofika kwanza pale ni wavuvi na mitumbwi yao, na boti yangu ilikuwa mojawapo, vijana walikuwa wanajiandaa tu kuingia ziwani jioni ile. Waliopata watu wakiwa hai waliwatoa kwa mikono. Tangu siku ile sijawahi kukaa bila boti yenye mafuta kidogo kwenye tanki, hata mwezi ukiwa mkubwa haiendi kazini. Mjamzito akizidiwa usiku wanakuja kunigongea dirisha. Sitozi.

Kwaiyo ukiniuliza boti ya nini, ningekuuliza unakaa wapi kwanza. Kisiwani boti ni kama mtu mwingine nyumbani. Luchelele mna lami.

Pasiansi Mlevi wa Chai

Kajenge mkuu. Milioni 3 na nusu kwenye maji zinaoza.

Mwana Capri

Naomba nimtetee mwanzisha mada maana naona anabanwa.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha samaki, zamu ya usiku, upande wa mashine za barafu. Miaka 14. Zile kompresa haziachi kuunguruma hata dakika moja, ukitoka asubuhi sauti unaondoka nayo kichwani mpaka nyumbani, mtoto akilia unamsikia kama yupo chumba cha pili. Nilijifunza tanga nikiwa kijana, nilikuwa navuta boti za wazungu na wahindi zipande nchi kavu pale Capri Point, siku moja mzee mmoja akaniambia panda tuzunguke. Tulivyotoka nje ya yale mawe, Jiwe la Bismarck likawa nyuma yetu, akavuta kamba, boti ikalala upande ikaanza kukimbia na HAKUNA SAUTI YA MASHINE. Sijui kama naelezeka. Unakimbia kabisa, mashati yanapepea, na kitu kinachokusukuma hakingurumi.

Niliinunua ile boti yake alipoondoka, ya fiber ndogo ya watu wawili, imezibwa mara nyingi. Mke wangu alinunua cherehani mwezi ule ule, tukakubaliana kila mmoja ana chake. Jumamosi saa tisa upepo wa ziwani ukishakolea naingia, saa kumi na mbili nimerudi, silali na boti majini. Kayenze Dagaa anasema kweli kuhusu usiku na mimi hilo nalishika, maana dhoruba kubwa nyingi ni za usiku wa manane mpaka asubuhi.

Kuna kisa nakipenda sana kuhusu watu na sababu zao. Mwaka 1968 gazeti moja la Uingereza liliweka zawadi kwa mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga bila kusimama bandari yoyote. Waliondoka watu 9. Aliyemaliza ni mmoja tu, Robin Knox-Johnston, na boti ya mbao futi 32 iliyoundwa Bombay inaitwa Suhaili, alitumia zaidi ya siku 300, akafika Aprili 1969. Yeye alikuwa baharia wa meli, alitaka awe wa kwanza na awe mwingereza, sababu yake iko wazi. Lakini alikuwepo mfaransa, Bernard Moitessier, ana boti ya chuma yenye kasi, ameshapita Cape Horn kule chini ya Amerika Kusini, kilichobaki ni kupanda kaskazini arudi nyumbani na alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya zawadi ya pili, ile ya aliyekimbia zaidi. Hakurudi. Akaelekea tena Afrika Kusini, akairushia meli moja ujumbe kwa manati, manati hii hii ya kupigia ndege, kwamba anaendelea kwa sababu ana furaha baharini. Akaendelea mpaka Tahiti. Zawadi akaiacha.

Na alikuwepo wa tatu, Donald Crowhurst, huyu biashara yake ilikuwa inakufa, akaweka nyumba na kampuni rehani ili boti iundwe. Boti haikuwa tayari lakini hakuweza kurudi nyuma kwa sababu ya deni, akawa anatuma taarifa za uongo za mahali alipo. Julai 1969 boti yake ikakutwa inaelea haina mtu.

Sasa angalia, bahari ni ile ile, mwaka ule ule, mashindano yale yale. Kwaiyo Mtoto wa Kome mimi kwenye kisa hiki nakushika sehemu moja tu, hiyo milioni 3 na nusu ni yako au ya mkopo? Kama ni ya mkopo mfuate Pasiansi. Kama ni yako, nenda kwa fundi.

Kayenze Dagaa

Mwana Capri nimekusoma na nimekuelewa hilo la kelele. Ila huyo mfaransa alikuwa na mke na watoto?

Mwana Capri

Alikuwa na mke ndio, na watoto wa mke wake. Hilo halinifurahishi hata mimi.

Igoma 96

Mimi sina boti na sitakuwa nayo, lakini naomba niseme maana mada imenigusa. Jina langu la humu linajieleza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kabisa kufika Mwanza, nilikuwa darasa la tano, kaka yake mama alikuwemo. Amezikwa makaburi ya Igoma na wengine wengi. Baada ya hapo mama hakutaka tusogelee maji, hata kuchota. Tumekulia Mwanza mita mia tano kutoka ziwani na hatujui kuogelea, mimi na dada zangu wote watatu. Mwaka juzi mwanangu aliniomba nimpeleke Saanane na shule yao, kile kisiwa unakiona hapo hapo, dakika chache kwa boti. Nilisaini fomu, nikaenda kusimama ufukweni toka wanaondoka mpaka wanarudi.

Nachotaka kusema kwa baba Neema, hilo swali la mkeo "boti ya nini" huenda sio swali la dari. Muulize taratibu. Inawezekana anauliza kama utarudi.

Fundi Mkuku

Nimechelewa kuiona hii. Mimi ni fundi, naunda boti huku Mwanza toka 1998, nilifundishwa na marehemu baba mdogo.

Mteja akija kwangu cha kwanza namuuliza hilo hilo la mama Neema: ya kazi gani? Na siulizi kwa sababu ya umbea. Bila hilo jibu siwezi kukata mkuku, ule ubao mkuu wa chini unaobeba boti yote. Boti ya dagaa inataka tumbo pana, maana nyavu zinarudi na maji na mzigo mbichi mzito. Ya nyavu za makila, zile za kutegea samaki, inataka iwe ndefu nyepesi ipigike makasia. Ya abiria uzito lazima ukae chini, watu wanasimama wote upande mmoja kuangalia kitu, isipokuwa na uzito chini inawamwaga. Ya tanga ndo nyingine kabisa, mkuku wake ushuke, vinginevyo upepo wa ubavuni unaipeleka pembeni kama jani, unaelekeza pua kisiwa cha Juma unajikuta Nyegezi. Sasa watu wanakuja wanasema niundie tu boti nzuri. Hakuna boti nzuri. Nikimuundia mtu boti ya "yoyote tu" miezi sita naikuta imepinduliwa mchangani kuku wanalala ndani.

Nimeunda za watu wa kila namna. Kuna mstaafu aliniambia anataka ya kukaa tu, aifunge kwenye kamba mita 50 kutoka ufukweni asome gazeti, wajukuu wasimfikie. Nilimuundia ya sakafu bapa, imetulia kama kitanda, mpaka leo anayo. Kuna dada mmoja alitaka ya kupeleka vifaa vya shule visiwani. Kuna kijana alitaka iwe na kasi kuliko ya jirani yake, huyo nilimkatalia maana kasi aliyoitaka na mbao alizoleta haviendani.

Mwanzisha mada nakuuliza kama ningekuuliza kibandani kwangu. Nani atapanda? Wangapi? Mnaenda wapi, mnarudi saa ngapi? Mtapigwa na upepo gani, maana Juni mpaka Agosti kusi inavuma ukiwa kwenye ghuba hii unaipata puani. Ukinijibu hayo huna haja ya kumtafutia mama sababu, mpe hayo hayo majibu.

Na hiyo futi 20 kwa milioni 3 na nusu muulize huyo fundi wako ni mbao gani. Mvule mzuri saiv ni wa kutafuta. Angalia misumari iwe isiyoshika kutu, na pale anapoziba achomeke pamba yetu hii ya Usukumani na mafuta, aigonge mpaka iimbe, asikuzibe kwa rangi tu ukaja kukumba maji katikati ya safari.

Mtoto wa Kome

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Wabeja sana. Mama Tausi ile S nimeisoma kwa sauti mezani, Neema akaniambia baba soma tena.

Mwana Capri hela ni yangu, sio mkopo, ni ya miaka minne.

Igoma 96 nilifanya ulivyosema. Usiku nilimuuliza mke wangu anaogopa nini. Ilikuwa hivo hivo. Kwao ni Misungwi ndani ndani kwenye pamba na ng'ombe, hajawahi kupanda kitu majini zaidi ya kivuko cha Kigongo enzi zile daraja halijajengwa, na hata pale alikuwa anafumba macho. Tuliongea mpaka saa saba. Hakuniambia ndio, aliniambia majaketi okozi yanunuliwe kabla ya mbao, nizilete nyumbani azione, za watoto ziwe saizi ya watoto sio za watu wazima zimekazwa kamba. Na kwamba dari ya chumba cha watoto iingie mwezi huu. Nimekubali yote mawili, mbao nimezitoa dukani jana.

Fundi Mkuku majibu yako haya hapa. Watu wanne, mimi, mke siku akiwa tayari, na watoto. Hatutoki nje ya ghuba. Tunatoka mchana upepo wa ziwani ukishakaa sawa, jua halijazama tumefunga kamba. Kome sitaenda kwa hiyo boti, nitapita Nyakaliro na kivuko kama watu wote.

Alafu nilimpigia mzee. Ana miaka 79, masikio yanasumbua. Nikamwambia baba nataka kuunda boti ya tanga, ile ya kwako mkuku wake ulikuwa futi ngapi. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Alafu akaanza kunitajia. Mkuku, urefu wa mlingoti, mataruma (mbavu za boti) mangapi na kati ya taruma na taruma ni shibiri ngapi, foromali (mti unaoshika tanga) ilikuwa ya mti gani na aliukata wapi, tanga lilichukua viroba vingapi vya sukari na nani alimshonea. Miaka 33 imepita toka aiuze. Nimeandika nyuma ya daftari la madeni kurasa mbili.

Fundi nakuja na hilo daftari jumatatu asubuhi, nielekeze ulipo.

Fundi Mkuku

Njoo nalo. Usibadilishe kitu alichosema mzee kabla sijakiona, shibiri zake mimi nitazipima kwa mkono wangu kwanza alafu tutampigia tena tumuulize mkono wake ni mkubwa kiasi gani. Nimekutumia namba inbox.

Kayenze Dagaa

Jumatatu fundi hayupo, anamalizia boti yangu huku Kayenze, tumekubaliana toka wiki iliyopita. Nenda jumanne. Na ukishaipata hiyo boti siku ya kwanza niambie unaingia saa ngapi na upande gani, ntamwambia kijana wangu mmoja awe karibu.